Data ya UDHS, rejista za leba au kuzunguka vijijini? Utafiti wa mama na mtoto hapa Uganda, njia ipi inamfaa nani

Kila mwaka masomo ya masta yakifika kwenye disatesheni maswali ni yaleyale. Nesi au klinikal ofisa anaandika nataka kufanya kitu cha afya ya mama na mtoto nianzie wapi, ukimuuliza swali lako ni lipi anajibu "vifo vya akina mama". Haya, vifo vya akina mama. Ila hapa Uganda vifo hivyo unaweza kuvitafuta kwenye data ya UBOS (ofisi ya takwimu ya taifa) umekaa zako na laptopu, unaweza kuvitafuta kwenye rejista za leba, unaweza kuzunguka nyumba kwa nyumba na mtu wa VHT (wahudumu wa afya wa kijiji), au ukaingia kwenye timu ya majaribio ya dawa, na swali moja likipitishwa njia hizo nne linatoka na majibu manne. Wengi wanachagua kwa kuangalia pesa na kalenda, nawaelewa, ada ya chuo haisubiri. Mimi naangalia kwanza kitu kingine: kwenye njia hii, ni mama yupi hataonekana? Kama swali lako linamhusu huyohuyo asiyeonekana basi achana na njia hiyo hata kama ni ya bure.

Kabla ya njia zenyewe, hesabu kidogo, maana inaua proposo nyingi na afadhali ife mapema kuliko ife mbele ya kamati. UDHS ya 2022 (savei ya kitaifa ya watu na afya) inasema vifo vya uzazi ni 189 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Ukigawa unapata kama kifo kimoja kwa kila watoto 530 hivi. Sasa wewe umekuja na ile sampuli ya 384 ya fomula ya Kish Leslie ambayo kila mtu anainakili kutoka kwa aliyemtangulia, unataka kuhoji akina mama 384 waliojifungua kijijini halafu uandike kuhusu vifo. Katika 384 hao unategemea kifo ambacho hata kimoja hakifiki, na huyo mwenyewe kama yupo hutamkuta maana unahoji walio hai! Kwa hiyo kwa mwanafunzi mmoja mwenye pesa zake za mfukoni, vifo vya akina mama kama kitu cha kuhesabu nyumba kwa nyumba, sahau. Unaweza kuuliza vitu vinavyokuja kabla ya kifo, mfano kuvuja damu, kuchelewa kufika, rufaa, kukosa damu benki, hivyo vina idadi ya kutosha.

Data ya UDHS

Hii ni ile savei kubwa ya UBOS inayorudi kila baada ya miaka michache, za karibuni ni 2006, 2011, 2016 na 2022. Utamu wake mkubwa ni kwamba inaingia nyumbani. Mama aliyejifungulia kwa mkunga wa kienyeji yumo, aliyejifungulia kwenye shamba la muhogo yumo, asiyekanyaga kliniki ya wajawazito yumo. Ya 2016 ilihoji wanawake 18,506 wa miaka 15 mpaka 49 nchi nzima, wewe na mkopo wako wa chuo hutafika hapo milele. Na huombi ruhusa ya wilaya, huhitaji boda, humlipi mtu.

Sasa kasoro zake. Kwanza vifo vya akina mama humo vinapatikana kwa kumuuliza mwanamke kuhusu ndugu zake wa tumbo moja, nani yuko hai, dada yupi alifariki, alifariki akiwa mjamzito au wakati wa kujifungua au muda mfupi baadaye. Ni njia nzuri lakini inarudi nyuma miaka 7 hivi na ni butu. Mwaka 2016 jibu lilikuwa 336 lakini ukisoma mipaka yake inaanzia 272 inaishia 400. Ndo maana mtu akikuandikia kwamba kati ya 2006 na 2011 hali iliharibika kwa sababu ilitoka 435 ikawa 438, mwambie apumzike kidogo. Na usichanganye vyungu: makadirio ya mashirika ya UN yaliyotolewa 2023 yaliipa Uganda 284 kwa mwaka 2020, hiyo 189 ya 2022 ni ya UBOS kwa njia nyingine kabisa, ukizichora kwenye grafu moja na kuunganisha na mstari unapata mteremko wa ajabu ambao haupo. Nimeuona kwenye slaidi za watu wenye PhD.

Pili, wilaya yako haionekani. UDHS ya 2016 iligawa nchi maeneo 15, basi. Wilaya zimepita 130. Ukitaka kuandika kuhusu Namayingo peke yake haiwezekani, utaandika kuhusu Busoga nzima. Wengine wanajaribu kutumia GPS za vijiji vilivyohojiwa, lakini zile pointi zimesogezwa makusudi kulinda siri ya watu, mjini mpaka kilomita 2, vijijini mpaka 5, na chache mpaka 10. Yaani ukipima umbali wa kwenda HC III (kituo cha afya cha ngazi ya tatu) kwa hizo pointi unapima hewa.

Tatu, na hili ndo kubwa kwangu, inakwambia nini kimetokea haikwambii kwanini. Angalia hapa. Mwaka 2011 akina mama waliojifungulia kwenye kituo cha afya walikuwa asilimia 57. Mwaka 2016 wakawa asilimia 73. Hiyo ni kazi kubwa sana, watu wameacha kuzalia nyumbani. Na vifo vya vichanga ndani ya siku 28 za kwanza? 27 kwa kila 1,000 mwaka 2011, na 27 mwaka 2016. Hakijasogea kitu! Akina mama wamekuja kituoni kwa maelfu na vichanga wanaendelea kufa kwa kasi ileile. Ilibidi tusubiri 2022 kuona 22, wakati huo waliozalia kituoni wameshafika asilimia 91. Sasa hapo katikati kulikuwa na nini? Uchungu umekaa muda mrefu bila mtu kuangalia partografu (chati ya mwenendo wa uchungu), mtoto hajalia na ambu bag ya kumpulizia hewa imefungiwa kwenye kabati la in-charge aliyeenda mjini, kituo kina mkunga mmoja usiku kwa akina mama saba? UDHS inakuonyesha fumbo halafu inakuachia. Kulifumbua lazima uingie leba.

Jambo la pembeni lakini ni la lazima: programu ya DHS ilikuwa inalipwa na USAID na Februari 2025 ilisimamishwa Wamarekani walipokata misaada. Data za nyuma hazijafutika, ila kabla ya kuandika proposo nzima juu yake hakikisha kwanza akaunti yako imekubaliwa na faili umelishusha liko kwenye kompyuta yako. Si siku ya mwisho.

Rejista za leba

Wanafunzi wengi wanaishia hapa na mimi mara nyingi ndo nawasukuma hapa, lakini kwa masharti.

Rejista ya wodi ya uzazi unaijua, lile kitabu kubwa lenye karatasi pana, mama mmoja mstari mmoja, jina, kijiji, umri, mimba ya ngapi, HIV, njia ya kujifungua, uzito wa mtoto, Apgar (alama za hali ya mtoto akizaliwa), oksitosini (sindano ya kuzuia mama kuvuja damu), amenyonya ndani ya saa moja au la, hali ya mama kutoka wodini. Mwisho wa mwezi mtu wa rekodi anajumlisha anaingiza kwenye fomu 105 inaenda DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Kwa hiyo unaweza kutumia jumla zilizoko kwenye DHIS2, au ukarudi kwenye kitabu chenyewe mstari kwa mstari. Kama una nguvu rudi kwenye kitabu. Jumla zimeshapita mikono mitatu.

Ukikaa nacho asubuhi moja utaanza kuona vitu. Uzito: 3.0, 3.5, 3.0, 3.2, 3.5, 3.0, watoto wa wilaya nzima wamekubaliana. Apgar 9 na 10, 9 na 10, ukurasa mzima, hata kwa yule ambaye safu ya mwisho imeandikwa amekufa saa mbili baadaye. Damu iliyopotea, mililita 200 kwa wote. Safu ya kunyonya ndani ya saa moja ina tiki kuanzia juu mpaka chini kwa peni moja, mwandiko mmoja, inavyoonekana zimewekwa zote asubuhi wakati wa kukabidhi zamu. Simlaumu mkunga, aliyekuwa peke yake usiku kucha na mama watatu wanasukuma kwa pamoja hawezi kuacha mikono kwenda kuandika. Lakini wewe mtafiti usiichukue hiyo safu ukaiita data ukaipeleka kwenye programu ya takwimu kama Stata.

Kuna ushahidi mzuri wa jambo hili japo haukutoka kwetu. Utafiti wa EN-BIRTH uliweka watu kusimama kwenye leba huko Tanzania, Bangladesh na Nepal, wakaangalia kwa macho watoto zaidi ya 23,000 wakizaliwa, halafu wakalinganisha na rejista zinasema nini na akina mama wakihojiwa kabla ya kuruhusiwa wanasema nini. Chukua hilohilo la kunyonya ndani ya saa moja. Kwa macho: kama mtoto mmoja kwa kumi. Kwa mama mwenyewe akiulizwa: zaidi ya nusu. Kwa rejista: zaidi ya asilimia 80. Mtoto ni yuleyule, titi ni lilelile! Wote wawili wamezidisha na rejista imezidisha kuliko mama. Kwa hiyo kama swali lako ni kunyonyesha saa ya kwanza, UDHS itakudanganya kiasi, rejista itakudanganya sana, na njia iliyobaki ni kusimama pale na saa mkononi. Ila kwa mtoto kupuliziwa hewa kwa ambu bag, rejista inamshinda mama kwa mbali, kwa sababu mama aliyechanika na kuchoka hajui mtoto amefanyiwa nini pembeni. Kwa hiyo usiniulize rejista ni nzuri au mbaya, niulize ni safu ipi.

Safu ya watoto waliozaliwa wafu nayo isome kwa jicho kali. Kuna FSB na kuna MSB, mfu mbichi na aliyeoza tumboni. FSB maana yake mtoto alikuwa hai uchungu ulipoanza au karibu na hapo, yaani kuna swali la kujibu kituoni. MSB hakuna anayeulizwa sana. Unadhani pale kwenye wasiwasi mtu anaandika ipi? Alafu kuna aliyepumua dakika tano akafa, naye mara anaingizwa humo kama mfu maana karatasi za kifo cha kichanga ni nyingi. Kama unafanya kazi hiyo, chukua faili za mama mwenyewe, soma kama moyo wa mtoto ulisikika alipofika, ndo utajua.

Na nani haonekani kwenye rejista? Yule asiyefika. Aliyefia njiani juu ya boda. Aliyejifungulia nyumbani akaja kesho yake, yule wa BBA, mara yumo mara hayumo. Ukiwa mpakani Busia kuna wale wanaovuka upande wa Kenya kujifungua, mimba zao ulizihesabu kwenye kliniki ya Uganda na uzazi haukuuona. Kwa hiyo ukihesabu vifo kwa rejista ya hospitali ya rufaa, tuseme Mbale au Jinja, unapata namba inayotisha kwa sababu wagonjwa mahututi wa wilaya zote zinazozunguka wameletwa pale, na ukihesabu kwa rejista ya HC III unapata sifuri kwa sababu mahututi wote wameandikiwa rufaa wakaondoka. Mtu anaandika HC III ni salama kuliko rufaa! Jumla unayogawia ndo imekosekana, hujui wanawake wangapi walijifungua kwenye eneo lile lote.

Kuzunguka vijijini

Ukitaka huyo asiyefika, lazima umfuate. Hii ndo njia ghali, ndo inayochosha, na kwa maswali fulani ndo peke yake inayofaa: kwanini hakwenda, nani aliamua, pesa ya boda ilitoka wapi, mama mkwe alisema nini, alikunywa dawa gani ya miti shamba kabla ya kuja.

Mfano mzuri wa kuunganisha ni ule mradi wa Saving Mothers, Giving Life kule magharibi, Kabarole, Kamwenge, Kibaale na Kyenjojo, kuanzia 2012. Hawakutegemea hospitali peke yake, walitumia watu wa vijijini kutafuta kila mwanamke wa umri wa kuzaa aliyekufa halafu wanarudi kuhoji familia kujua alikuwa mjamzito au la. Ndani ya miaka mitano waliripoti vifo kushuka asilimia 44. Ukipenda kubishana na hiyo namba unaweza, ila hawakuhesabu waliofika hospitali tu. Na ilikuwa pesa ya Wamarekani, si yako.

Kwa bajeti ya kawaida mambo yanakwenda hivi. Ruhusa ya kamati ya maadili, usajili UNCST (baraza la taifa la sayansi), barua ya DHO (ofisa wa afya wa wilaya), alafu ngazi ya chini kabisa mwenyekiti wa kijiji, LC1, na huyu ukimruka umekwisha hata kama una mihuri yote ya Kampala. VHT anakutembeza, mlipe, usijifanye hujui kwamba ameacha shamba lake. Akina mama asubuhi wako shambani, ukifika saa tatu utakuta watoto na bibi, nenda mchana wakirudi kupika. Wiki za kupanda mahindi usiende kabisa. Na ukimkuta mume amekaa pembeni anasikiliza, maswali ya uzazi wa mpango ruka kwanza, muombe maji ya kunywa, ongea mambo mengine, utarudi kwenye swali.

Lugha nayo. Dodoso lako limeandikwa Kiingereza, umelitafsiri Kiluganda, umefika Iganga watu wanaongea Lusoga, umefika Busia huyu Samia yule Ateso na wote mnakutana kwenye Kiswahili cha sokoni. Neno la "mtoto mfu" na neno la "mimba iliyotoka" ukiwaachia wahoji watafsiri papo hapo kila mmoja ataleta data yake.

Hapo kwenye watoto wafu kuna kazi imefanyika kwetu hapa, EN-INDEPTH, ilichukua sehemu tano za ufuatiliaji (maeneo ambako kaya zote zinafuatiliwa miaka na miaka), Iganga-Mayuge ikiwa moja, nyingine Ghana, Guinea-Bissau, Ethiopia na Bangladesh, wakahoji wanawake 69,176. Nusu waliulizwa kwa njia ya zamani, nitajie watoto wako wote waliozaliwa hai, na wengine wakaulizwa nitajie mimba zako zote. Njia ya mimba zote ilileta watoto wafu zaidi, kama asilimia 21 juu. Swali tu limebadilishwa! Mtu kama Joseph Akuze wa Makerere ndo aliongoza uandishi wa matokeo hayo, kwa hiyo si kitu cha kutoka mbali, waandikie watu wa shule ya afya ya jamii pale uone kama watakupa dodoso lenyewe. Kama unazunguka vijijini kuhesabu vichanga, uliza mimba, usiulize watoto. Inachukua muda mrefu kidogo na wengine watalia, jiandae kwa hilo, uwe na pa kumpeleka mama anayehitaji kuongea na mtu.

Kuna kitu kinawasumbua watafiti wa vijijini mbele ya kamati ya maadili, mabinti wajawazito wa miaka 16 na 17. Wengi wanaogopa wanawatoa kwenye sampuli kabisa, wanaandika "miaka 18 na kuendelea" ili wapite haraka. Mwongozo wa UNCST unamhesabu mtu aliye chini ya miaka 18 ambaye ni mjamzito, au ana mtoto, au ameolewa, kama anayeweza kujitolea ridhaa mwenyewe. Soma, kisha waingize, kwa sababu nchi ambayo karibu robo ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 wameshaanza kuzaa huwezi kuandika kuhusu uzazi ukawaacha nje hao.

Sasa kama vijiji unavitaka na pesa huna, kuna mlango wa kati. Sehemu za ufuatiliaji wa muda mrefu, Iganga-Mayuge chini ya Makerere, Rakai, na Kyamulibwa kule Kalungu ya taasisi za utafiti MRC na UVRI ambayo imeanza tangu 1989. Hawa tayari wanazunguka, wanajua nani amezaliwa nani amekufa nani amehama, una jumla ya kugawia bila kuihesabu mwenyewe. Unaomba kuongeza maswali yako machache kwenye mzunguko wao au kutumia data ya nyuma. Ule utafiti wa vichanga wa UNEST, VHT kumtembelea mama mara mbili akiwa mjamzito na mara tatu wiki ya kwanza baada ya kujifungua, ulifanyika Iganga na Mayuge kwa sababu msingi huo ulikuwepo. Na angalia walichoweza kuonyesha: tabia zilibadilika, kunyonyesha, kutunza kitovu, kutomuogesha mtoto mapema. Vifo? Haukuwa na ukubwa wa kuonyesha vifo. Timu nzima ya Makerere na wafadhili, na bado hesabu ileile ya mwanzo iliwabana. Kasoro ya sehemu hizi ni kwamba wakazi wamezoea kuulizwa, wanajua jibu unalolitaka kabla hujamaliza swali, na Iganga si Karamoja.

Majaribio ya dawa

Hii fupi kwa sababu kama unasoma hapa ukichagua disatesheni huiongozi wewe, unajiunga. Inahitaji kibali cha NDA (mamlaka ya dawa), bima ya washiriki, bodi ya kuangalia usalama, pesa za nje. Lakini kuna maswali ambayo hizo njia zingine zote haziwezi. Jaribio la FEAST ndo mfano wangu siku zote. Kila mtu alikuwa anajua mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi ukimpa maji mengi ya haraka kwenye mshipa unamwokoa, ilikuwa imeandikwa kwenye vitabu. Wakawagawa kwa bahati nasibu watoto 3,141 Uganda, Kenya na Tanzania, na waliopewa maji ya haraka walikufa kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, wasiopewa asilimia 7.3. Jaribio likasimamishwa mapema, 2011 ikachapishwa. Rejista za wodi ya watoto zingekwambia kinyume milele, maana anayepewa maji mengi ndo mgonjwa zaidi na kila kifo kinaonekana ni cha ugonjwa. Ukipata kazi ya kukusanya data au ya unesi kwenye jaribio kama hilo ichukue, utajifunza kuandika faili vizuri kuliko chuo chochote. HIVNET 012 ya Mulago, ile ya dawa ya nevirapini iliyoonyesha 1999 kwamba dozi moja kwa mama na moja kwa mtoto inapunguza maambukizi ya HIV kwa mtoto karibu nusu, ilikuja kusumbuliwa miaka baadaye juu ya utunzaji wa makaratasi mpaka Wamarekani wakaunda kamati, na 2005 kamati ikasema matokeo ni ya kuaminika. Lakini fikiria miaka yote hiyo watu wanabishana juu ya karatasi.

Sasa wewe ni nani?

Kama uko Kampala, unapenda namba, huna pesa na una mwaka mmoja, chukua UDHS, lakini usirudie "sababu zinazohusiana na kujifungulia kituoni" maana ziko mia. Chukua lile fumbo la 2011 na 2016, linganisha maeneo, wapi vichanga walishuka na wapi hawakushuka.

Kama ni mkunga au nesi unayefanya kazi wilayani, rejista, vituo vitatu au vinne vinavyopeana rufaa, ili yule anayeondoka HC III umuone anapofika HC IV au anapopotea katikati. Hapo ndo kuna kazi mpya na wewe una faida ambayo mtu wa Makerere hana, unajua ni zamu ipi inaandika ukweli. Wiki za kwanza zitumie kupima rejista yenyewe, kaa leba umwangalie mkunga akifanya kisha uone ameandika nini, na hiyo iingie kwenye disatesheni kama sura kamili. Usipige picha kurasa kwa simu yako ukazituma WhatsApp kwa msaidizi, kuna majina na HIV humo ndani na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haina mzaha. Nakili kwenye tableti bila majina, namba tu.

Kama swali lako ni la kabla ya mlango wa kituo, nenda vijijini, ila punguza, mahojiano marefu na watu thelathini walioelezwa vizuri yananishawishi kuliko dodoso la 384 lenye tiki. Na kama uko karibu na Iganga, Mayuge, Rakai au Kalungu anza kwa barua kwao kabla hujapanga kitu, wana kamati zao za kupitia maombi na zinachukua muda, kwa hiyo ipeleke muhula huu wakati bado unabishana na supavaiza juu ya kichwa cha habari.